Kuotesha miwaridi kwa vipandikizi nyumbani: mwongozo kamili

Watu husema fulani ana mkono wa maua, kila anachochomeka kinaota. Kwa mwaridi, mkono ni jambo dogo. Tawi lililokatwa ili lichomekwe, yaani kipandikizi, hufa kwa njia mbili: ama majani yake yanapoteza maji na hakuna mizizi ya kuyarudisha, ama sehemu iliyofukiwa inaoza kabla mizizi haijatoka. Lipe tawi lako hewa yenye unyevu juu na mchanga usiotuamisha maji chini, ulilinde hivyo kwa wiki sita hadi nane, nalo lina nafasi nzuri ya kutoa mizizi. Kila hatua iliyomo humu, kuanzia saa ya kukata hadi aina ya mchanga, inatumikia mambo hayo mawili. Ukiyashika, hata ukikosa kifaa fulani utajua ukibadilishe na nini.

Mashamba makubwa ya maua ya Naivasha na Arusha kwa kawaida hubebesha miwaridi, yaani hukiunga kikonyo cha aina ya biashara juu ya shina la aina nyingine yenye mizizi migumu. Shina lililozoeleka sana katika ukanda wetu huitwa Natal Briar. Hiyo ni kazi ya shamba. Uani kwako, mwaridi uliosimama kwenye mizizi yake mwenyewe una faida kubwa: ukipogolewa hadi chini, ukiliwa na mbuzi, ukivunjwa na mpira wa watoto, kinachochipua tena ni ua lile lile. Uliobebeshwa, lile shina la chini likianza kutoa machipukizi yake na wewe usiyaondoe, baada ya muda unabaki na mwaridi usiokuwa wako.

Mti mama

Anza na mwaridi wa jirani. Ule ambao umesimama kwenye ua wake miaka mingi, haupigwi dawa, unatoa maua masika na kiangazi, umeshakuthibitishia kwamba unaipenda hali ya hewa ya mtaa wenu. Miwaridi ya zamani ya Lushoto, Moshi na Limuru, ile inayotambaa kwenye uzio au inayotoa maua madogo madogo kwa vishada, huota kwa urahisi sana. Hata ile midogo ya kwenye chungu huota vizuri. Wagumu ni wale wa ua moja kubwa kwenye kikonyo kirefu, na miongoni mwao wa njano ndio wabishi zaidi. Usiwaache, ila chomeka vipandikizi vingi zaidi ili hata vichache vikiota upate mche.

Maua ya dukani, yale ya kufungwa kwenye karatasi, siyapendekezi kwa anayeanza. Yamekatwa yakiwa machanga, yamekaa kwenye chumba cha baridi, yamewekwa dawa ya kuyarefushia maisha, na mengi ni ya aina zilizozoea kubebeshwa na kulelewa ndani ya banda. Juu ya hayo, Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda haki za wazalishaji wa aina mpya za mimea. Kuotesha kwa ajili ya bustani yako bila biashara hakuna tatizo. Kuuza miche ya aina inayolindwa kunahitaji ruhusa ya mwenye aina hiyo, kwa hiyo anayefikiria biashara ya miche aanze na aina za zamani.

Kagua afya kabla ya kuomba tawi. Majani yenye michirizi ya njano inayopinda-pinda ni dalili ya virusi, na virusi haviponi. Mche utakaotoka hapo huenda ukawa navyo. Uvimbe mgumu wenye vinundu pale shina linapoingia ardhini ni ugonjwa wa bakteria, nao uache kabisa. Madoa meusi na ubwiri unga (ukungu mweupe kama unga juu ya majani) ni mambo ya kawaida, lakini chagua tawi safi. Mwombe mwenye mti aumwagilie vizuri jioni ya kuamkia siku ya kukata. Tawi linaloingia kazini likiwa limeshiba maji lina akiba ya siku kadhaa ambazo lenye kiu halina.

Majira

Mizizi ya mwaridi hutoka vizuri mchanga ukiwa na joto la nyuzi 20 hadi 25 hivi za Selsiasi. Joto likipita 30 kwa muda mrefu, kuoza kunashinda kuota. Ndiyo maana kwa watu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe. Jihadhari tu na upepo wa kusi unaokausha. Weka vipandikizi vyako mahali palipokingwa na ukuta. Januari na Februari pwani, pumzika.

Nyanda za juu mambo ni kinyume kidogo. Njombe, Lushoto au Limuru usiku wa Julai ni wa baridi kali na kipandikizi kitakaa tu bila kufanya lolote. Hakifi, lakini mizizi inaweza kuchelewa hadi miezi mitatu. Huko kata mvua za masika zinapoelekea kwisha, au subiri Septemba na Oktoba joto linaporudi. Arusha na Nairobi zipo katikati, na mtu mwenye kifuniko kizuri anaweza kuotesha karibu mwaka mzima.

Vya kuandaa

- Mkasi wa kupogolea au kisu chenye makali sana. Mkasi butu huponda tawi, na palipopondwa ndipo panapooza kwanza.
- Spiriti, au jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9, ya kusafishia makali.
- Mchanga na usumba (maelezo yanafuata).
- Chupa za plastiki zinazopitisha mwanga za lita 1.5 au zaidi, moja kwa kila kipandikizi.
- Unga wa homoni ya kuotesha mizizi kutoka duka la pembejeo, ukipatikana.
- Gazeti, ndoo ya maji safi, na kijiti cha unene wa kidole.

Mchanga ndio unaoamua

Vipandikizi vingi hufia hapa. Mtu anachukua udongo mweusi mzuri wa bustani, anauchanganya na samadi, anachomeka tawi na kumwagilia asubuhi na jioni. Udongo ule una kila kitu ambacho mti wenye mizizi unakitaka. Tawi lisilo na mizizi haliwezi kula. Linachopata ni maji yaliyotuama na vimelea vya kuozesha, basi. Kwa wiki hizi za mwanzo tunahitaji kitu kisicho na rutuba kabisa, kinachoshika unyevu kidogo na kupitisha hewa nyingi.

Msingi ni mchanga mkubwa wa mtoni, ule wenye chembe unazoziona moja moja, siyo ule laini wa kupiga lipu. Uoshe kwenye ndoo: mimina maji, koroga kwa mkono, mwaga maji ya tope, rudia mpaka maji yatoke meupe. Mchanga wa baharini usiutumie hata ukiuosha, maana chumvi ni adui wa mwaridi.

Mchanga peke yake unafaa, ila unakauka upesi. Changanya sehemu mbili za mchanga na sehemu moja ya kitu kinachoshika unyevu. Usumba wa nazi ni mzuri sana, ukikumbuka jambo moja: Unguja na Pemba makumbi ya kusukia kamba hufukiwa ufukweni miezi kadhaa hadi yalainike, kwa hiyo usumba wake umejaa chumvi. Uloweke kwenye maji baridi usiku kucha, ukamue, umwage maji, urudie mara mbili au tatu. Maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi bila kugeuka majivu yanafanya kazi hiyo hiyo, na kwa watu wa Mbeya, Morogoro na Mwea yanapatikana kwenye kila mashine ya kukoboa. Wakazi wa karibu na Naivasha na Arusha wana bahati ya yale mawe mepesi ya volkano yenye vitundu; yakipondwa vipande vidogo, hakuna kinachopitisha hewa vizuri zaidi.

Ukishachanganya, mwagia maji yanayochemka juu ya mchanganyiko wote, uache upoe ukiwa umefunikwa. Hilo linapunguza sana vimelea vya kuozesha. Kisha pima kwa mkono: chukua konzi, kamua kwa nguvu. Yakidondoka matone mawili matatu, uko sawa. Yakitiririka, umelowana mno. Uanike kivulini kwanza.

Chombo kitengeneze kwa chupa yenyewe. Ikate katikati. Nusu ya chini toboa matundu matano au sita kitakoni kwa msumari wa moto, jaza mchanganyiko hadi kina cha sentimeta 10 hivi. Nusu ya juu, ile yenye mdomo na kizibo, itakuwa kifuniko. Uzuri wa chupa ni kwamba mizizi ikifika pembeni unaiona kwa macho bila kung'oa kitu. Mizizi haipendi mwanga, kwa hiyo zungushia nusu ya chini karatasi ya gazeti na mpira, ufungue pale tu unapotaka kuchungulia.

Kukata tawi

Kata asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali. Tawi linalofaa ni lile lililomaliza kutoa ua siku chache zilizopita, petali zimedondoka au zinakaribia kudondoka. Lililo laini na jekundu juu ni changa, litanyauka siku hiyo hiyo. Lililogeuka kijivu na gumu kama kuni limezeeka. Nalo huota, ila kwa uvivu. Unataka la kijani, imara, lenye unene wa penseli au pungufu kidogo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mwiba. Weka kidole gumba ubavuni mwa mwiba ulio katikati ya tawi, usukume upande. Ukikatika safi kwa kishindo kidogo na kuacha kovu lenye unyevu, tawi limekomaa kiasi kinachotakiwa. Ukipinda tu bila kukatika, ni changa. Ukichanika na kuondoka na ganda, tawi bado lina majimaji mengi mno, liache wiki nyingine.

Kata kipande kirefu chini ya pale unapokihitaji, ukifunge kwenye gazeti lililolowa na kukiweka kivulini. Kama unakwenda nacho mbali, mfuko wa plastiki juu ya gazeti utakilinda hadi kesho yake. Usikianike kwenye kiti cha gari.

Sasa kaa chini, polepole, na kipande kimoja mkononi. Utaona kwamba kila jani limeota juu ya mstari mwembamba unaozunguka tawi, na pale kwenye kwapa la jani pana kijicho kidogo chekundu au cha kijani. Hicho ndicho kifundo. Chembe zinazoweza kugeuka mizizi ni nyingi zaidi hapo kuliko sehemu nyingine yoyote ya tawi, na kwa hiyo mkato wa chini lazima uwe milimeta 5 hivi chini ya kifundo, siyo katikati ya vifundo viwili. Ukiacha mkia mrefu chini ya kifundo, mkia huo utaoza na kupeleka uozo juu.

Kipandikizi kizuri kina urefu wa sentimeta 15 hadi 20 na vifundo vitatu au vinne. Mkato wa chini uwe wa mshazari, wa juu uwe wa kulala, milimeta 5 hadi 10 juu ya kijicho cha mwisho. Tofauti hiyo ya mikato inakusaidia pia kujua upande upi ni wa chini, maana kipandikizi kilichogeuzwa hakiwezi kuota. Ua lililobaki au tumba, kata, linanyonya akiba.

Majani yote ya chini ondoa. Juu acha jani moja, au mawili kama ni madogo. Jani la mwaridi lina vijani vitano kwa kawaida. Likiwa kubwa, vikate vile vya mbele ubaki na viwili au vitatu. Kuna wanaoondoa majani yote wakidhani wanaokoa maji. Wanajinyima, kwani lile jani moja ndilo linalotengeneza sukari ya kulisha mizizi inayotaka kutoka. Miiba ya sehemu itakayofukiwa unaweza kuing'oa kwa upande ili isikuchome.

Mwisho, kwa ncha ya kisu, parua ganda la nje upande mmoja wa sehemu ya chini, urefu wa sentimeta 2, mpaka uone kijani chepesi kinachong'aa. Usichimbe hadi kwenye mti mweupe wa ndani. Jeraha hilo jembamba hufungua eneo zaidi la kutolea mizizi na kunyonya maji, na kwa wale wabishi wa maua makubwa linasaidia sana.

Safisha makali ya mkasi kila unapohamia mti mwingine.

Homoni, na habari ya viazi

Unga wa kuotesha mizizi unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo mara nyingi una kemikali iitwayo IBA, iliyoandikwa kwa asilimia. Kwa tawi la mwaridi lililokomaa wastani, 0.3 inafaa, 0.1 ni ya matawi laini, na 0.8 ni ya matawi magumu yaliyozeeka. Mimina kidogo kwenye kifuniko au karatasi, usichovye kipandikizi ndani ya kopo lenyewe, kwa sababu unyevu utaharibu unga wote uliobaki. Chovya sentimeta 2 za chini, gonga kidogo unga wa ziada udondoke. Mwingi hauharakishi; unaunguza.

Homoni ni msaada mzuri, siyo sharti. Aina rahisi zitaota bila hiyo. Wengine hupaka asali au ute wa shubiri. Havina madhara ukipaka kidogo, lakini usivifanye vifunike makosa ya mchanga na kifuniko.

Kiazi ndicho ninachoomba watu wakiache. Picha za tawi la waridi lililochomekwa kwenye kiazi mviringo na kufukiwa zimesambaa kila mahali, na kila mwezi kuna mtu anayepoteza matawi mazuri kwa ajili yake. Kiazi kilichotobolewa na kufukiwa kwenye udongo wenye unyevu huoza, na kikioza huozesha kilichochomekwa ndani yake. Kisipooza kinachipua mwenyewe na kugombea nafasi. Ndizi vivyo hivyo.

Kuotesha kwenye glasi ya maji kunawezekana kwa baadhi ya aina, ila mizizi ya majini ni dhaifu na mingi hukatika au kufa ikihamishiwa udongoni. Kama una mchanga, huna sababu ya kupita njia hiyo.

Kuchomeka na kufunika

Toboa shimo kwa kijiti kwanza. Ukilisukuma tawi moja kwa moja kwenye mchanga, chembe zinakwangua homoni yote na kuumiza mkato. Ingiza kina cha sentimeta 5 hadi 7, vifundo viwili viwe chini, kisha bana mchanga kwa vidole viwili mpaka tawi lisimame bila kuyumba. Nafasi tupu ikibaki kuzunguka mkato, pale hapatatoa mzizi.

Mwagia maji taratibu hadi yatoke matunduni, acha yachuruzike kabisa, halafu vika nusu ya juu ya chupa, kizibo kikiwa kimefungwa. Maji ya kisima chenye chumvi usitumie. Maji ya mvua ndiyo bora, na ya bomba yanafaa. Baada ya saa chache utaona ukungu wa matone ndani ya chupa. Hiyo ndiyo hewa tunayoitaka.

Mahali pa kuweka pawe na mwanga mwingi bila jua la moja kwa moja. Upande wa baraza unaopata mwanga wa asubuhi, chini ya mti mkubwa wenye kivuli chepesi, au chini ya wavu wa kivuli. Chupa iliyofunikwa ikipigwa na jua la saa saba mchana inapika kilichomo ndani kwa muda mfupi. Chumba chenye giza nacho hakifai, kwani jani haliwezi kufanya kazi.

Andika tarehe na jina la mti mama juu ya chupa. Utadhani utakumbuka, lakini miti kumi ikishakaa mstari mmoja hukumbuki.

Wiki za kusubiri

Wiki ya kwanza jani linaweza kugeuka njano na kudondoka. Likidondoka litoe mara moja lisije likaota ukungu wa kijivu, lakini tawi lenyewe usilitupe. Maadamu ni la kijani, liko hai. Linalogeuka jeusi kuanzia chini kupanda juu ndilo lililokufa, nalo liondoe siku hiyo hiyo, mchanga wake uumwage.

Kati ya wiki ya pili na ya tatu, chini kwenye mkato hutokea uvimbe mweupe wenye vinundu. Ni kovu la tawi linalojifunga, na mara nyingi hutangulia mizizi. Hutauona isipokuwa ukivuta, na usivute.

Hapa ndipo subira inapopotea. Kijicho cha juu kinachipua, majani mapya mekundu yanafunguka, na mtu anafurahi na kuhamishia mche kwenye chungu kikubwa chenye samadi, juani. Baada ya siku nne umenyauka. Chipukizi la mwanzo hutoka kwa akiba iliyomo ndani ya tawi, na linaweza kutoka bila mzizi hata mmoja. Usiliamini. Ushahidi ni mizizi yenyewe, ambayo kwa kawaida huonekana kati ya wiki ya nne na ya nane. Fungua gazeti, angalia pembeni mwa chupa: unatafuta nyuzi nyeupe, kadhaa, zilizoanza kujigawa. Kama chombo chako hakipitishi mwanga, shika tawi kwa vidole viwili na uliinue kwa nguvu ya kunyanyua karatasi tu. Likishikilia, lina mizizi. Likija, lirudishe, bana mchanga, subiri wiki mbili.

Katika muda wote huo kazi yako ni ndogo. Matone yakiwa yanaonekana ndani ya chupa kila asubuhi, usimwagilie. Yakikosekana, nyunyiza kidogo. Kila baada ya siku mbili au tatu fungua kizibo kwa dakika chache hewa ibadilike. Ukiona ukungu wa kijivu kwenye jani au kovu, kata sehemu hiyo, acha kizibo wazi siku nzima na upunguze maji. Mbolea, hata chembe, bado.

Nusu ya vipandikizi vyako ikiota, umefanya kazi nzuri. Kwa hiyo ukitaka miche mitano, chomeka kumi.

Kuzoesha, kisha kuhamisha

Mche uliolelewa ndani ya hewa yenye unyevu una majani laini sana. Ukiufunua ghafla, unanyauka hata kama una mizizi. Fungua kizibo kwa siku tatu. Kisha ondoa kifuniko kizima jioni hadi asubuhi, siku nyingine tatu. Halafu mchana pia, ukiwa kivulini. Majani yakilegea saa nane mchana, rudisha kifuniko ujaribu tena kesho. Kwa jumla inachukua siku 7 hadi 10.

Hamisha mizizi ikiwa na urefu wa sentimeta 3 hadi 5. Ikiwa mifupi zaidi ni rahisi kukatika, na ikiachwa mpaka ikajizungusha kitakoni inachelewa kushika udongo mpya. Tayarisha kiriba (mfuko wa plastiki wa kulelea miche) au chungu cha lita 2 hadi 3 chenye mchanganyiko wa udongo wa juu sehemu mbili, mboji au samadi iliyooza kabisa sehemu moja, na mchanga sehemu moja. Samadi mbichi itaunguza mizizi hii myembamba. Usivute mche, pasua chupa kwa mkasi ubavuni, uutoe na mchanga wake wote, uuweke kwenye shimo ulilokwisha kulichimba, mwagilia.

Wiki mbili za kwanza kivulini, kisha jua la asubuhi, kisha jua kwa muda wa saa tano hadi sita kila siku. Majani mapya ya pili yakikomaa, anza kulisha: kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya NPK (yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu) kwenye lita 10 za maji, mara moja kila wiki mbili, udongo ukiwa tayari una unyevu. Tumba la kwanza litakuja mapema, pengine mche ukiwa na urefu wa shibiri moja. Litoe. Na la pili litoe. Inauma, lakini mche unaozuiwa kutoa ua unajenga mizizi na matawi ya chini, na hayo ndiyo yatakayobeba maua ya miaka ijayo.

Vidukari hupenda ncha changa. Maji yenye sabuni kidogo yanawamaliza ukirudia kila baada ya siku tatu nne. Utitiri mwekundu hujificha chini ya majani wakati wa joto na ukavu, na majani hupauka yakiwa na vidoadoa. Nyunyiza maji upande wa chini wa majani asubuhi, kwani haupendi unyevu.

Ardhini

Miezi mitatu hadi sita baada ya kuhamishwa, mche ukijaza kiriba chake, upande mwanzoni mwa mvua. Shimo liwe sentimeta 45 kwa 45 na kina hicho hicho, lichanganywe debe moja la mboji. Acha sentimeta 60 hadi 90 kati ya mti na mti, kulingana na aina. Yenye kutambaa ipe zaidi. Mwaridi unapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH 6 hadi 6.5.

Hapo ndipo watu wa pwani wanapopata taabu. Ardhi ya maweni na matumbawe, Unguja, Mombasa na sehemu za Dar es Salaam, ina chokaa nyingi inayoufungia mti madini ya chuma: majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ardhi ya mchanga nayo ina minyoo fundo inayotia vinundu kwenye mizizi, na mwaridi uliosimama kwenye mizizi yake mwenyewe hauna shina la kuukinga. Kwa maeneo hayo ushauri wangu ni chungu kikubwa cha lita 20 au zaidi, chenye udongo ulioletwa na mboji nyingi, kibadilishwe udongo wa juu kila mwaka. Waridi la kutia kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia cha kujipambia, halihitaji shamba. Mti mmoja mzuri barazani unatosha.

Penye mchwa, usiweke nyasi kavu zikagusa shina. Acha duara tupu la upana wa kiganja kuzunguka shina, matandazo yaanzie nje yake, na mwagilia chini kwenye udongo badala ya juu ya majani, asubuhi, kwani jani linalolala na maji ndilo linalopata madoa meusi.

Kama aina fulani imekataa kabisa kwa vipandikizi, ilaze. Chagua tawi refu linaloinama, parua ganda upande wa chini karibu na kifundo, lifukie sehemu hiyo kwenye udongo kina cha sentimeta 8 hivi likiwa bado limeungana na mti mama, libane kwa jiwe, ncha ibaki nje. Mama anaendelea kulilisha, kwa hiyo hakuna haraka ya kunyauka. Baada ya miezi mitatu hadi sita fukua kidogo uangalie; mizizi ikiwepo, kata upande wa mama, liache hapo hapo wiki mbili zaidi, ndipo uling'oe na donge lake la udongo.